Baba alikimbia kipimo cha kibofu mara mbili. Mara ya tatu aliambiwa atakachosikia

#1 BintiWaMuheza

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu kila nikitoka kazini, naomba mnivumilie. Nawaandikia wenye mzazi, mume au wao wenyewe waliopewa karatasi ya kwenda kuangaliwa njia ya mkojo na sasa usingizi hauji.

Baba yangu ni fundi seremala, ana miaka 67. Mwaka jana mwezi wa tatu alianza kukojoa damu. Haikumuuma, na hilo ndilo lililomchelewesha, maana kwetu kisichouma hakihesabiwi kuwa ugonjwa. Mama ndiye aliyeiona damu chooni akaja juu. Tukaenda hospitali. Akapimwa mkojo, akapigwa altrasaundi, wakatafuta na kichocho kwa sababu utotoni alioga mtoni kama watoto wote wa kule. Mwishowe daktari akaandika neno moja la Kizungu kwenye karatasi, akasema: "Mzee, tutaangalia kibofu kwa kamera. Njoo Jumanne saa mbili asubuhi. Usiogope, ni kitu cha kawaida."

Maelezo yakaishia hapo. Nilikuwepo, niliyasikia kwa masikio yangu.

Kamera anayoijua baba ni ya mpiga picha wa harusi. Itafikaje kwenye kibofu, hakuambiwa, na kwa heshima yake hakuuliza, hasa mbele yangu mimi mtoto wa kike. Akaja kujua siku yenyewe, kwenye benchi, kutoka kwa mzee mwenzake: "Wanapitisha bomba hapa mbele." Jamani, mtu aliyefanya kazi ya ujenzi maisha yake yote ukimwambia bomba, anaona bomba. Anaona nusu inchi, anaona inchi moja. Akainuka, akaniambia anakwenda kununua maji ya kunywa. Nilimkuta stendi ya mabasi, amekaa na kitambaa mkononi anajifuta jasho.

Mara ya pili ilikuwa baada ya miezi miwili. Safari hii hakufika hata kwenye benchi la ndani. Walimpima presha ikawa 180 kwa 110, wakamwambia apumzike kwanza. Mlango wa chumba cha vipimo ukafunguliwa, akaona sinia lenye vyuma virefu vinavyong'aa. Akageuka. Baadaye sana ndipo tulipoambiwa kwamba vile vyuma havikuwa vyake hata kidogo. Vilikuwa vya mgonjwa mwingine aliyekuwa anachomwa sindano ya mgongo, asisikie chochote kuanzia kiunoni kushuka chini. Kifaa cha baba kilikuwa kingine kabisa, cha mpira unaopinda. Lakini nani alimwambia?

Kati ya karatasi ya kwanza na siku alipopimwa ilipita miezi saba. Miezi saba ya damu inayokuja na kupotea, na mama anayeangalia choo kila asubuhi. Nikiikumbuka huwa inaniuma sana.

Mara ya tatu tulimkuta muuguzi mmoja, mama wa makamo. Alimwita baba pembeni na wazee wengine wawili waliokuwa na kipimo kilekile. Kwanza akawauliza: "Baba zangu, mmesikia nini kuhusu kipimo hiki?" Akawaacha waseme. Bomba, chuma, kukatwa, kupoteza nguvu za kiume, kutokukojoa tena. Yote yakatoka. Ndipo akaleta kifaa cha kuonyeshea, kilichoharibika zamani, akampa baba mkononi.

Baba akakishika kama anavyoshika mbao. Akakipindapinda, akakipima kwa kidole gumba, kisha akatoa penseli yake ya useremala iliyokuwa sikioni (haachani nayo hata msikitini) akaviweka sambamba. Kifaa kilikuwa chembamba kuliko penseli. Kina unene wa milimita tano na kidogo. Niliona mabega yake yakishuka.

Kisha yule mama akawaeleza kwa mpangilio, na alichofanya ndicho kilichonisukuma niandike. Hakuishia kwenye atakachofanya daktari, aliwaambia na wao watasikia nini. "Tutakusafisha kwa dawa, utasikia baridi. Tutakuwekea jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, itawasha kidogo kama umepaka limau kwenye mchubuko, halafu itatulia. Tutasubiri dakika kadhaa ganzi ikolee, kwa hiyo ukiona tumenyamaza usidhani kuna jambo baya. Kifaa kikipita, mwanzoni utasikia kitu kinateleza. Kuna sehemu moja, karibu na tezi, utasikia kubanwa. Hapo ndipo penye ugumu, na ni kwa sekunde chache. Hapo vuta pumzi, itoe taratibu, na ufanye kama unakojoa. Baadaye tutaingiza maji ili kibofu kifunguke tuone. Utasikia mkojo umekubana sana, ni hayo maji. Kuangalia kwenyewe ni dakika chache. Leo na kesho ukikojoa itachoma, na mkojo unaweza kuwa wa pinki. Kunywa maji mengi."

Baba aliingia mwenyewe. Alipotoka nilimuuliza, akanijibu: "Kila kilichokuja nilikuwa nimeshakisikia kwa yule mama." Hakusema haikuuma. Alisema pale kwenye tezi paliuma, ila alikuwa anapangoja.

Nimekuja kuelewa kwamba hapa kuna sababu ya kimwili. Msuli unaofunga mkojo tunaweza kuukaza wenyewe kwa hiari. Mtu akiogopa anabana. Akibana, kifaa kinapita mahali palipokazwa, kinauma. Kikiuma, anabana zaidi. Aliyeambiwa "hapa fanya kama unakojoa" anaulegeza msuli uleule. Kwa hiyo maelezo yale yalifanya kazi kwenye mwili wa baba kama ilivyofanya jeli.

Na si jambo la kubuni la muuguzi mmoja. Mwaka 1964 madaktari wa usingizi wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, walichapisha utafiti wa wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Kundi moja walitembelewa usiku wa kuamkia upasuaji, wakaambiwa maumivu yatakuwa wapi, makali kiasi gani, yatadumu muda gani, na namna ya kulegeza misuli, na wakaendelea kutembelewa baada ya upasuaji. Hao walihitaji karibu nusu tu ya dawa kali za maumivu ukilinganisha na wenzao, na waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kwa wastani wa siku 2.7. Miaka michache baadaye muuguzi mtafiti wa Marekani, Jean Johnson, akafunga watu mkono kwa mpira wa kupimia presha mpaka ukauma. Wengine aliwaeleza utaratibu tu, wengine aliwaeleza watakachosikia: kubanwa, ganzi, vidole kuchomachoma. Waliotajiwa watakachosikia ndio waliotaabika kidogo, ingawa mkono ulifungwa vilevile.

Majibu ya baba: kulikuwa na kivimbe kidogo kibofuni. Kilitolewa wiki chache baadaye. Sasa anarudi kuangaliwa kila baada ya miezi mitatu, na ataendelea hivyo kwa muda mrefu maana vivimbe vya kibofu vina tabia ya kurudi. Mnaelewa kwa nini nalishikilia hili? Mtu wa kupimwa mara moja anaweza kufumba macho likapita. Baba anapaswa kurudi tena na tena, na anarudi.

Ombi langu: kama umewahi kupimwa hivi, andika ulichosikia, kwa mpangilio wake. Usiandike "ni kawaida tu". Andika kitu ambacho mtu akikisoma leo usiku kitamfaa kesho asubuhi.

#2 MtuWaUjiji

Dada, asante sana. Mimi nina miaka 31, napimwa Alhamisi. Mkojo unatoka kwa shida, mwembamba, na UTI hazikauki. Daktari anahisi njia imesinyaa. Nimesoma uzi wako mara mbili. Naomba kuuliza bila aibu: nitakuwa macho? Chumbani watakuwepo watu wangapi? Na je, nguvu za kiume zinaguswa? Hili la mwisho ndilo linaloninyima usingizi, sijamwambia hata mchumba wangu.

#3 BiSikudhani

Mwanangu wa Ujiji, nimestaafu uuguzi, miaka mingi nilikuwa wodi ya mkojo. Nitakujibu moja baada ya jingine.

Utakuwa macho kama watatumia kifaa laini, kile kinachopinda. Kama ni kile kigumu cha chuma, kwa mwanaume mara nyingi utachomwa sindano ya mgongo au utapewa nusu kaputi, na hapo utaambiwa usile tangu usiku. Hospitali hazifanani, nyingine zina kigumu tu. Kwa hiyo swali lako la kwanza ukifika liwe: "Kwangu mtatumia kipi, laini au kigumu?" Jibu la hilo linabadilisha mengine yote.

Chumbani huwa kuna daktari, muuguzi, na pengine mwanafunzi mmoja au wawili. Una haki ya kusema hutaki wanafunzi. Sema mapema, kabla hujavua. Utafunikwa kitambaa chenye tundu, panapoonekana ni pale panapofanyiwa kazi tu.

Nguvu za kiume: kifaa kinapita ndani ya njia ya mkojo. Mishipa inayofanya kazi ile ya kiume haiko ndani ya njia hiyo. Kuangalia hakukati kitu. Siku mbili tatu panaweza kuuma, na unaweza kuona damu kidogo, usishtuke. Mwambie mchumba wako. Siri ya namna hii inamchosha mtu kuliko kipimo.

Kabla ya siku hiyo: kama unatumia dawa ya kulainisha damu, mwambie daktari. Kama una homa au mkojo unachoma sana, mwambie vilevile, maana ukiwa na maambukizi kipimo huahirishwa. Ukiahirishiwa usikasirike, ni kwa usalama wako.

Baada ya kipimo, mambo ya kukurudisha hospitali haraka ni haya: homa na kutetemeka, kushindwa kabisa kukojoa, au damu nzito yenye mabonge. Pinki ya siku ya kwanza siyo.

Na jeli, mwanangu, ipewe muda wake. Wakikuwekea na kuanza papo hapo, sema kwa adabu: "Naomba tusubiri ganzi ishike." Nimewaona wengi walioumia kwa sababu ya haraka.

Na mimi nina la kuungama. Kwa miaka mingi nami nilisema "usiogope baba" nikasonga mbele. Foleni ilikuwa ya watu kumi na nane na sisi wawili. Nilidhani nawapa moyo. Siku moja mzee mmoja akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, niambie nisiogope nini." Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kueleza.

#4 MamaWawiliTbr

Shikamoo mama Sikudhani. Naongeza upande wa wanawake, maana kila mtu anazungumzia wanaume.

Mimi nilipimwa baada ya kukojoa damu mara tatu. Kwetu njia ya mkojo ni fupi, sentimita nne hivi, wanaume wanafikia ishirini. Kwa hiyo kupita kwenyewe kulikuwa dakika moja, mchomo mdogo, basi. Kilichoniumiza ni kulazwa miguu juu, kila mguu umewekwa kwenye chuma chake kama mtu anayejifungua, na mlango unafunguliwa na watu wanaopita kuchukua vitu. Hakuna aliyenieleza mkao ule. Ningejua ningekwenda na khanga mbili, na ningeomba mlango ufungwe kabla sijapanda. Nililia, na daktari akadhani nalia maumivu, akaongeza jeli.

Kwa hiyo hofu haitokani na kuumia tu. Aibu nayo ni hofu. Wauguzi mnaotusoma, tuambieni na mkao.

#5 MswahiliLeicester

Niko Uingereza mwaka wa kumi na nne. Huku karatasi haikosekani. Chama cha madaktari wa mkojo, BAUS, kina vijitabu vya kila kipimo, na hospitali inakutumia nyumbani kwa posta pamoja na tarehe yako. Nilikipata wiki tatu kabla.

Nataka niseme jambo ambalo huenda litawashangaza: kijitabu kile kiliniongezea hofu. Si kwamba kilikuwa kibaya. Kilikuwa na kila kitu, na kulikuwa na jedwali la madhara, hili linampata mtu mmoja kati ya wangapi, lile mmoja kati ya wangapi. Nikawa nakisoma saa saba usiku peke yangu, nikafika kwenye lile jedwali nikabaki hapohapo. Kila usiku najiona mimi ndiye yule mmoja. Karatasi haikuangalii usoni ikaona kwamba umeshaacha kuelewa.

Kilichonisaidia ni namba ya simu iliyokuwa nyuma ya kijitabu. Nilipiga, nikaongea na muuguzi dakika sita. Akaniuliza, "Kipi hasa kinakusumbua?" Nikasema, kubaki na mpira wa mkojo. Akanieleza kwa kipimo cha kuangalia tu si kawaida kubaki nao, wengi wanakojoa wenyewe na kwenda nyumbani. Nikalala usiku ule.

Nasema hivi kwa sababu nawasikia wengi nyumbani wakisema tatizo letu ni kukosa vijitabu. Vijitabu tuwe navyo, lakini kisomwe pamoja na mtu, au angalau kiwe na mtu wa kumuuliza.

#6 NaombaNisijue

Ndugu zangu, mimi ni tofauti na nyie, na naomba nisichekwe. Sitaki kujua. Ninapoelezwa, kila neno linakuwa picha na picha haiondoki. Mara ya kwanza muuguzi alinieleza vizuri sana, kama huyo wa Muheza, na nilizimia kabla hata sijavua viatu.

Mara ya pili nilimwambia: "Niambie mambo mawili tu. Nitafanya nini, na mtanijulishaje mkimaliza." Nikaweka vifaa vya masikioni, nikasikiliza Suratu Yaasin, nikafumba macho. Walipomaliza wakanigusa bega. Ilikwenda vizuri kuliko mara ya kwanza.

Sasa mkianza kusema kila mgonjwa aelezwe kila kitu, sisi wengine mnatuumiza.

#7 BiSikudhani

Hakuna wa kukucheka. Umesema jambo ambalo watafiti walilikuta. Suzanne Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwenzake Mangan, walichapisha mwaka 1983 kazi yao juu ya wanawake waliokuwa wanasubiri kuangaliwa mlango wa kizazi. Walitenganisha wale ambao kwa asili hutafuta habari na wale ambao hukwepa. Kisha nusu ya kila kundi wakapewa maelezo mengi na nusu maelezo machache. Waliotulia zaidi ni wale ambao kiasi walichopewa kiliendana na asili yao. Mtafuta habari akinyimwa anahangaika. Mkwepaji akimwagiwa yote anahangaika vilevile.

Ndiyo maana nilipozeeka kazini nilianza kwa swali: "Unapenda nikueleze hatua kwa hatua, au nikwambie ya lazima tu?" Halijawahi kunichukua zaidi ya nusu dakika. Wengine walisema "yote", wengine "ya lazima". Wengine walisema "mweleze mke wangu", na hilo nalo ni jibu.

Hofu yenyewe inapimika, kwa wanaotaka kujua. Kuna dodoso la Spielberger la maswali 20 kuhusu unavyojisikia wakati huo, alama zinaanzia 20 mpaka 80. Ndilo linalotumika sana kwenye tafiti za vipimo kama hivi. Mimi sikuwa nalo wodini. Niliangalia mikono. Mtu anayekunja na kukunjua karatasi ya kipimo mpaka inachanika, huyo nilianza naye.

#8 Kisauni_Boy

Wenzangu, mimi wa Mombasa. Langu fupi. Daktari aligeuza ile televisheni akaniambia, tazama, hiki ndicho kibofu chako. Nikaona mishipa midogo midogo myekundu, ukuta wa rangi ya pinki, na povu la hewa likielea juu. Akanionyesha vitundu viwili ambamo mkojo unashuka kutoka figo, na kimoja kikatoa mkojo nikiangalia, kama chemchemi ndogo. Wallahi nilisahau kuwa kuna kitu kimeingia mwilini mwangu. Kama wewe ni mtu wa kutaka kuona, omba ile skrini igeuzwe. Kama ni kama ndugu wa hapo juu, omba igeuzwe upande wa pili.

#9 FundiBomba1970

Haya yote mazuri, lakini tuseme ukweli. Hospitali za wilaya na mkoa, daktari mmoja, wagonjwa thelathini. Nani ana dakika kumi na tano za kumpa kila mtu penseli na kifaa apime?

#10 BintiWaMuheza

Mkuu, swali lako ni la haki, na nililiwaza sana. Yule muuguzi hakumeza muda wa daktari. Aliwaeleza wazee watatu kwa pamoja, palepale kwenye benchi ambapo walikuwa wanangoja tangu saa mbili. Muda upo, sema unapita mtu akiwa anasikilizana na hofu ya jirani yake. Kifaa alichowaonyesha kilikuwa kibovu, cha kutupwa. Na upande wa pili wa hesabu uko hivi: baba alikimbia mara mbili. Nafasi mbili za kipimo zilipotea, ambazo wangepimwa watu wengine wawili. Presha iliahirisha, hiyo nayo ni foleni. Kama angeambiwa Jumanne ile ya kwanza, hospitali ingemuona mara moja.

Kaka wa "naomba nisijue", nakushukuru kwa kusema. Sikuwa nimeliwaza hilo. Mama yangu yuko kama wewe, na nilikuwa namlazimisha asikilize kila kitu cha baba kwa kudhani namsaidia. Jana nimemwomba radhi.

#11 MtuWaUjiji

Mrejesho, kama nilivyoahidi PM kwa baadhi yenu.

Nimepimwa leo saa nne. Niliuliza, laini au kigumu? Nesi akaniangalia vizuri kisha akasema laini. Nikaomba wanafunzi wasiingie, wakakubali bila maneno. Jeli iliwasha kama alivyosema muuguzi wa Muheza, nikahesabu kimoyomoyo mpaka mia nne wakati tunasubiri. Kifaa kilipofika mahali paliposinyaa kiliuma, na hapo daktari alisimama, akaniambia ameona, hakulazimisha kupita. Kwa hiyo sikufika hata kwenye ile sehemu ya kubanwa niliyojiandaa nayo. Nimepangiwa kurudi kupanuliwa njia, na hilo litakuwa kwa sindano ya mgongo.

Kitu kimoja hakikuandikwa na mtu yeyote humu: yale maji yanayopita kwenye kifaa ni ya baridi. Yanaingia ndani ya mwili mahali ambapo hujawahi kusikia baridi maisha yako yote. Hayaumi. Lakini nilishtuka nikaruka, daktari akaniambia tulia, na pale ndipo nilipoogopa kuliko wakati wowote, kwa kuwa nilidhani kuna kitu kimepasuka. Nesi akasema, "Ni maji tu hayo, yametoka kabatini." Nikatulia.

Kukojoa mara ya kwanza nyumbani kumechoma hasa. Nilisimama nimeshika ukuta. Mara ya pili nafuu. Mchumba amenikalia nje ya mlango wa choo ananiuliza kila dakika. Nilimwambia jana usiku, mama Sikudhani. Alijibu kwamba alishajua kuna kitu, alidhani nina mwanamke mwingine.

#12 BiSikudhani

Alhamdulillah mwanangu. Kunywa maji. Na siku ya kupanuliwa uje hapa kabla, tukueleze ya sindano ya mgongo, miguu itakuwa mizito saa kadhaa na usijaribu kusimama mwenyewe.

Hilo la maji ya baridi sikuwahi kulitaja hata siku moja. Mgonjwa huwa namwona anaruka, nami namwambia "tulia". Miaka yote hiyo.

#13 BintiWaMuheza

Pole na hongera kaka. Baba anarudi kupimwa tarehe 9 mwezi ujao. Nimempigia simu sasa hivi nikamsomea hapo kwenye maji. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ee, kweli, yalikuwa ya baridi. Nilidhani ni mimi tu." Akaniambia nimwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ataibeba, awasomee atakaowakuta kwenye benchi.